Jicho la Mfinyanzi

Isokichi alikuwa mchonga vichwa kwenye mbao za kupigia chapa picha. Katika karakana za mtaa wa Asakusa wachongaji wadogo huchonga nguo na miti. Nyuso na nywele huachiwa fundi mkuu, naye Isokichi alizichonga kwa miaka ishirini na sita. Alipoanza kuona ukungu, alimwambia mkewe Otoku peke yake. Otoku akawa anakwenda kila asubuhi kwenye hekalu la Buddha Mponyaji kumwombea na kutundika kibao kilichochorwa macho mawili. Ukungu ukazidi.

Ndipo serikali ilipoagiza picha za kuwafundisha watoto habari za mafundi wa Ulaya. Aliyopewa Isokichi ilikuwa ya mfinyanzi aliyeishiwa kuni, akatupa viti vyake tanurini ili vyungu viive. Mchoro ulikuwa mmoja tu, umegundishwa kifudifudi juu ya ubao wa mti wa mcheri. Kisu kikipita, karatasi inakwenda nacho. Ukikosea, huna mchoro mwingine wa kutazamia.

Otoku alimletea chai, akaketi karibu.

"Baba Ofuji, kichwa hiki mwachie Matsuzo."

"Matsuzo na ndevu za Mzungu? Atamfanya figili yenye mizizi!"

"Nasikia, fundi!" mwanafunzi wake Matsuzo akaitika kutoka kwenye ubao wake.

"Sikia, ndiyo maana nimepaza sauti." Isokichi akacheka. "Mama Ofuji, mtazame huyu, kachoma hadi viti. Na mkewe analia pale pembeni."

"Mimi namwona," Otoku alisema polepole. "Wewe unamwona?"

Isokichi aliinama mpaka pua ikakaribia ubao. Ndevu zilitoka vizuri, unywele kwa unywele, kidole kikimwongoza. Otoku alitamani kumshika mkono, asithubutu. Kisha kisu kikateleza, kidogo tu, bila sauti. Isokichi akapuliza vumbi, akaendelea.

"Acha, baba," Otoku akasema. "Umeliondoa jicho."

Isokichi akapapasa ubao, akalikuta shimo. Kosa kama hilo hurekebishwa kwa kupachika kipande kipya cha mti na kukichonga upya, kazi inayotaka macho makali kuliko zote.

"Matsuzo," akaita, "njoo ukae kwenye mto wangu. Jicho la pili lipo, liige."

Yeye akahamia mlangoni, wanapokaa wanaoanza, akawa anachimbua sehemu za mbao zisizo na mchoro kwa nyundo na patasi nene. Siku za mwisho nyundo ilimpiga vidole zaidi ya patasi, naye akawa anasema tu, "Mbao za siku hizi zinakimbia." Alifariki majira ya baridi, Buddha Amida akampokea peponi mwake. Kwenye picha hakuna jina lake. Kwa Amida lipo.