Siku Nilipoazima Mume wa Kwenda Naye Kliniki

Siku nyingi nimezisahau, mwanangu, lakini ile Jumatatu niliyokwenda kliniki na mume wa kuazima naikumbuka mpaka rangi ya shati alilovaa. Lilikuwa la njano. Nililipiga pasi mimi mwenyewe! Shati la mume wangu, nimempa mwanamume mwingine avae ili nesi amwone mtu wa familia.

Hapa ninapokuandikia binti yangu Salma ananivuta kanga na ugali umeshaungua chini, na sijali. Maana jana umenitumia ujumbe: "Mama mdogo, nina mimba! Idrisa hataki kwenda kliniki, nipe namba ya yule bodaboda wako." Nilipofika kwenye neno mimba nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Nilipofika kwenye bodaboda nikataka kupanda bajaji nije nikuzabe kibao. Furaha na hasira zimenijia pamoja, Zuhura, na bado zimo. Najua mimi nina miaka ishirini na minane tu, na wewe ishirini. Lakini mimi ni mdogo wa mama yako, kwetu sisi hiyo ni mama kamili, kwa hiyo utanisikiliza. Ukimaliza wasomee na wenzako wa saluni. Hicho kisa mnachokicheka mmesimuliwa nusu.

Nilikuwa na mimba ya Salma, miezi minne. Unajua desturi ya kliniki, siku ya kwanza wanataka uje na mwenzako mpimwe wote wawili. Juma wangu wakati ule alikuwa na karakana yake ya useremala hapa Mafiga, amerudi karibuni kutoka kwenye ujenzi Dodoma. Nikamwambia twende. Hata randa hakuiweka chini.

"Nenda wewe. Kipimo chako ndicho changu."

"Wanataka tuwe wawili."

"Mimi naumwa? Umeniona nimelala? Waambie mume wako mzima."

Nikamwambia tena Jumamosi, nikamwambia Jumapili. Basi nikaona aibu, mwanangu. Si aibu ya ugonjwa, aibu ya kukaa kwenye benchi peke yangu kama mwanamke asiyetakiwa. Wenzangu wakanifundisha: azima mwanamume. Wengi wanafanya. Shabani, bodaboda wa kijiweni kwetu, alikuwa amekwishafanya kazi hiyo kwa wanawake wawili. Nikampa mkungu wa ndizi ulioshuka kutoka kwa Bibi yangu kule milimani Kinole, akakubali. Njiani ananiuliza, "Shemeji, mimi jina langu nani leo?" Nikamwambia wewe ni Juma, seremala, mtoto wa kwanza huyu, usiongee sana.

Mtu wa kutosema sana! Kufika kwenye benchi akaanza kunishika mgongo, "Mke wangu umechoka? Mke wangu nikuletee maji?" Wanawake wote wakawa wananionea wivu. Mmoja akamgeukia mumewe akamwambia, "Umemwona mwenzio?" Nikavimba kichwa. Nikajiona nina akili kuliko watu wote wa Morogoro.

Tukachomwa vidole, tukasubiri, tukaitwa. Nesi alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu. Alifunga mlango, akatuuliza kama tunakubali kupokea majibu pamoja. Shabani akajibu haraka kuliko mimi, "Tunakubali, sisi ni mwili mmoja."

Virusi vya UKIMWI, wote hatukuonekana navyo. Nikashusha pumzi. Kisha nesi akanitazama mimi. "Mama, wewe una kaswende. Baba hana."

Mwanangu, mimi nimesoma hadi kidato cha nne. Kaswende niliijua kwa kuiandika kwenye mtihani wa baiolojia, nikapata na vema. Sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kukaa ndani ya mtu asiyewashwa, asiyeumwa, asiyetoka hata kipele. Nilikuwa nakula, nacheka, nabeba ndoo ya maji kichwani. Nikasema, "Sista, umebadilisha karatasi."

"Sijabadilisha. Na usiogope, hii inatibika ikapona kabisa. Ila nyote wawili lazima mchomwe sindano, hata baba ambaye hakuonekana na kitu. Mume na mke tunawatibu pamoja." Akafungua droo, akaanza kuandaa sindano. Mwanangu, ile sindano si ya mchezo. Inachomwa kwenye kalio, na dawa yake nzito.

Shabani alipoiona akasimama. "Sista, subiri kwanza."

"Fungua mkanda, baba."

"Sista, mimi bodaboda tu! Huyu mteja wangu! Nimempakia kutoka Mafiga!"

Na akatoka mbio na shati la mume wangu. Nikasikia pikipiki inawaka, na benchi zima linauliza mume wa yule dada amepatwa na nini.

Hapo ndipo mnapochekea, najua. Hata mimi nacheka. Sasa sikiliza mliyoyaruka.

Nesi hakucheka. Alikaa akanishika magoti. Akaniambia, "Binti, hukunidanganya mimi. Umemdanganya huyo aliye tumboni. Mimi nimempima mtu ambaye halali na wewe, nikakuandikia mumeo mzima. Ningekuchoma wewe na huyo bodaboda, ungerudi nyumbani, mwenye ugonjwa angekuambukiza upya, na mimi kwenye kadi nina baba mzima." Nikamuuliza mtoto atakuwaje. Hakunificha. Alisema kaswende ya mama hupita ikamfikia mtoto, mimba ikatoka, au mtoto akazaliwa amekufa, au akazaliwa hai na maradhi kwenye mifupa, macho na ubongo. Akasema pia, kwa sababu nimewahi, nafasi ya kumwokoa ni kubwa sana, ila nisiache hata sindano moja kati ya tatu, moja kila wiki, na nisilale na mume wangu mpaka wote tumemaliza matibabu na yeye nesi aseme sawa.

Akanichoma ya kwanza. Nikarudi kwa miguu, nachechemea, nalia barabarani bila hata kujifuta.

Juma nilimkuta anapiga msasa kitanda cha mteja. Nikamwambia yote, na la Shabani nikamwambia. Hakuacha kupiga msasa. Akasema, "Aliyekutwa na ugonjwa ni wewe. Mimi unanitafutia nini?" Nikamwuliza kama nesi alivyonielekeza, Juma, hujawahi kuwa na kidonda huko chini? Akapuliza vumbi la mbao. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kule Dodoma kalitoka kadonda kamoja, hakakuuma, kakapona kenyewe, na vipele viganjani akadhani ni saruji. "Kilipona, Hawa. Kitu kilichopona unakitibu vipi?"

Hapo shika sana, Zuhura. Kidonda cha kaswende hakiumi. Kinapona chenyewe, na vipele vya viganjani na nyayoni vinaondoka vyenyewe, na ugonjwa unabaki umekaa kimya miaka, na bado unaweza kuambukiza. Mume wangu si mwongo. Alikuwa mjinga, kama mimi, kama Idrisa wako. Halafu Juma akamalizia kwa kuniambia nikiendelea kumsumbua nirudi kwetu milimani.

Nikaenda! Kesho yake asubuhi nikapanda kwenda Kinole kwa Bibi yangu mzaa mama. Nilidhani Bibi atanichemshia mizizi. Shikamoo, marahaba, akaniona sura, akaacha kuchambua maharage. Nikamweleza. Nilipofika kwenye mtoto kuzaliwa amekufa akaniuliza, "Amekwambia hivyo nesi? Mtoto anakufa tumboni kwa ugonjwa huo?" Nikasema ndiyo.

Bibi akasema, "Mimi nimezika wawili hivyo, kabla ya mama yako. Wakaniambia nimerogwa na mke mwenzangu. Nimeacha kumsalimia yule mama mpaka amekufa." Sijui kama ilikuwa kaswende, naye hajui, hakuna wa kutuambia sasa. Aliingia ndani akatoka amefunga kanga mpya na kandambili mkononi. "Twende mjini. Huyo mtoto ni wa ukoo wetu."

Tulishuka na gari la ndizi. Bibi hakuja nyumbani kwangu, alikwenda moja kwa moja karakana. Kulikuwa na wateja wawili na fundi mwenzake Juma. Juma akainama, "Shikamoo Bibi." Bibi akapanda juu ya kile kitanda kipya cha mteja, akakaa katikati, miguu inaning'inia.

"Marahaba, mume wangu."

Unajua bibi zetu na utani wao kwa waume wa wajukuu. Wateja wakacheka. Juma naye akacheka, "Karibu, mke mkubwa. Umenifuata?"

"Nimekufuata. Mkeo mdogo umekataa kutoka naye. Basi nitoe mimi, mkeo mkubwa. Twende kliniki, nimevaa."

"Bibi, nina kazi."

"Nakuona. Nami nimekalia kazi yako. Mwenye kitanda akija mwambie kimekwisha, na bibi yake yuko juu."

Watu hoi kwa kicheko. Juma anatazama chini, msasa mkononi. Bibi hakupaza sauti, hakutaja ugonjwa, hakumvunjia heshima mbele ya watu hata kidogo. Akawa anasubiri tu na kuchezesha miguu. Kisha akasema polepole, na hapo kicheko kilikwisha usoni mwake, "Mume wangu, mimi nimeshazika. Sitaki mjukuu wangu azike. Nyanyuka."

Juma akaweka msasa chini. Akanawa mikono, akatutangulia kutoka.

Alikutwa na kaswende. Virusi vya UKIMWI hakuonekana navyo, lakini tukaambiwa tusishangilie kwanza, maana mtu akiambukizwa karibuni kipimo kinaweza kisione, turudie baada ya miezi mitatu, nami nirudie tena kabla ya kujifungua. Tukarudia. Safi! Alichomwa sindano zake tatu, kila wiki ananiambia hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, na Bibi anamwuliza kwenye simu kama amelia. Salma alizaliwa asubuhi, akapiga kelele mpaka nesi yule yule akaziba sikio moja. Wakampima, wakamfuatilia miezi. Mzima. Huyu hapa sasa ana miaka minne, amepanda juu ya meza na sufuria kichwani.

Sasa nakuambia wewe, mwanangu, na mwingine yeyote anayesoma begani kwako. Kipimo cha mke si cha mume. Ugonjwa unaweza kumkuta mmoja ukamwacha mwingine, tena kwa virusi vya UKIMWI ndiyo kabisa. Usijipime kwa kujitazama kwenye kioo. Kaswende inakaa kimya, kisonono kwa sisi wanawake mara nyingi hakina dalili, na virusi vya UKIMWI mtu anaishi navyo miaka ananenepa. Ukiona usaha, harufu ngeni, kidonda au malengelenge sehemu za siri, mkojo unachoma, tumbo la chini linauma, usijioshe kwa ndimu wala usinunue vidonge viwili duka la dawa ukanyamaza. Nenda ukapimwe, maana dawa isiyo yake inaficha dalili na ugonjwa unaendelea. Na kidonda huko chini ni mlango uliofunguliwa kwa virusi vya UKIMWI. Usipokuwa na uhakika na mtu, kondomu kila mara, na usione haya kuitoa wewe.

Na wewe ukikutwa na virusi, usikimbie kama Shabani! Dawa zipo, mtu anazimeza kila siku anaishi, analea, anazeeka, na mama anayeanza mapema na kuzimeza vizuri anaweza kuzaa mtoto asiye navyo. Mimi naogopa mtu asiyepima. Aliyepima na anameza dawa zake simwogopi hata kidogo.

Idrisa akigoma, nenda peke yako, mwambie nesi ukweli: mume amekataa. Benchi la peke yako halijamwua mtu. Nilidhani litaniua, na nikakaribia kumwua mwanangu kwa kulikwepa.

Namba ya Shabani sikupi. Na hata ningekupa angekataa. Mwaka jana alimpeleka mkewe mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, akachomwa kidole na akakaa. Shati la njano bado hajarudisha.

Kesho saa moja asubuhi niko mlangoni kwako, na Bibi anashuka na gari la kwanza la ndizi. Mwambie Idrisa mke wake mkubwa anakuja, na asitandike kitanda, maana Bibi atakikalia mpaka yeye anyanyuke.

Mungu akujalie mimba itulie, mwanangu, akujalie mume anayevua mkanda mbele ya sindano bila kutafuta mlango, na mtoto atakayezaliwa apige kelele mpaka Kinole wamsikie. Amina. Vaa kanga safi, tunakuja.