Golandam na Birika la Wareno

Golandam alikuwa muuza maji Hormuz, kisiwa chetu kisicho na kisima, chenye mlima mzima wa chumvi. Mumewe, Shanbeh, alikuwa nahodha wa chombo cha tende. Siku moja Wareno walimkamata baharini hana cheti chao cha kuruhusu kusafiri. Kapteni wa ngome, Duarte, akamwambia, "Bahari hii ni ya mfalme wetu," akaamuru akatwe pua na masikio.

Shanbeh alirudi kajifunika kilemba usoni. Hakutoka tena nje mpaka alipobebwa ndani ya jeneza.

Golandam akaendelea kupeleka maji ngomeni, akitaniana na askari. Jirani yake, Mahbanu, alimtolea uvivu: "We mwanamke huna haya? Unamnywesha aliyemuua mumeo!"

"Mwache anywe, shoga. Mwenye kiu haulizi mtungi ni wa nani."

Miaka ikapita. Kisha jeshi la Shah, mfalme wa Uajemi, likavuka kutoka bara, likisaidiwa na mizinga ya Waingereza, mahasimu wa Wareno. Visima vya Qeshm, kisiwa jirani tulikokuwa tukichota maji, vikatekwa kwanza. Wareno wakajifungia ngomeni na birika moja la mawe la kuhifadhia maji ya mvua. Golandam akaingia nao, eti mtumishi mwaminifu. Kila alipotumwa kuteka maji, alibeba chumvi ya ghala la ngome chini ya shela, akaimimina birikani.

Mle ndani walikuwamo watoto. Aliwasikia wakililia maji. Akaendelea kumimina chumvi.

Wareno walipojisalimisha, Duarte alitoka midomo imempasuka. Golandam, aliyetangulia kutoka, alikuwa langoni na gudulia la maji alilopewa na askari wa Shah.

"Mama, maji. Kwa jina la Mungu."

"Yamejaa tele, bwana mkubwa. Si mlisema bahari yenu? Haya, inyweni!" Akayamwaga maji mchangani, mbele ya miguu yake. "Mimi mke wa Shanbeh."

Duarte akainua macho kutoka mchangani.

"Shanbeh ndiye nani?"

Golandam akaliweka chini gudulia tupu. Akampita yule mtu, akaenda zake.

Washindi hawakutuachia kitu. Waliteka nyara mji wetu nyumba kwa nyumba, hata mlango wa Golandam waling'oa. Akahamia bara, akazeekea huko. Wanawake walipomsifu kwa kulipa kisasi, aliwakatiza.

"Kisasi gani? Nilimtia kiu, basi. Nilitaka alie kwa sababu ya Shanbeh, naye hata jina halijui."