Kwa Nini Mzee Sefu Alilia

Sisi tuliosoma Darasa la Tatu kule Ntobeye, kabla Lukole haijajaa mahema ya wakimbizi, tulijua kujibu maswali ya ufahamu kuliko tulivyojua Kiswahili. Najua kauli hii itawaudhi wenzangu wa rika langu. Lakini nimeiandika kwenye kaunta buku hili mara tatu, na mara zote tatu nimeshindwa kuifuta.

Asubuhi tulitoka nyumbani na kiporo cha ndizi na maharage tumboni, fagio mkono mmoja, kidumu cha maji ya bustani ya shule mkono wa pili. Tulipanda kilima ndani ya ukungu, huoni aliye mbele yako, unasikia tu miguu yake ikikimbia. Kitabu cha hadithi kilikuwa kimoja kwa watoto sita, tena wa nyuma hakikuwafikia kabisa. Tulikizunguka kama watu wanaoota moto, na waliosimama upande wa pili wa dawati walijifunza kusoma herufi zikiwa kichwa chini miguu juu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mpaka leo nikienda ofisini kwa mtendaji, barua iliyo mbele yake naimaliza kabla hajanieleza. Elimu haiozi.

Hadithi ikiisha, mwalimu aliandika ubaoni: jibu kwa sentensi kamili. Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wetu. Nyumbani tulisema Kihangaza. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha mnadani na cha watu wa ofisi. Swali likiuliza Mzee Sefu alikwenda wapi, hatukuhangaika na Mzee Sefu. Tulilitafuta neno "alikwenda" kitabuni kama mtu anavyomtafuta mbuzi wake mnadani, kwa alama ya sikio. Tukilipata, tunanakili kuanzia herufi kubwa mpaka nukta. Vema, vema, vema. Kwenye msamiati tuliandika kwamba stesheni ni mahali penye stesheni, na mwalimu alitoa nusu alama kwa ajili ya mwandiko. Hakuna aliyekuwa ameona treni, na nadhani hata yeye hakuwa ameiona. Simlaumu. Alikuwa peke yake, sisi tulikuwa wengi, na chaki aliikata vipande vipande kama muhogo wa kugawana.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mzee Sefu alifunga sanduku lenye vitenge viwili, akaenda stesheni kupanda treni ya kwenda harusini kwa binti yake. Akasinzia kwenye benchi. Treni ikapita. Akakaa juu ya sanduku, akalia. Mwisho.

Siku mkaguzi alipokuja, mwalimu alivaa tai. Wiki nzima alikuwa ametufundisha maswali matano ya Mzee Sefu, na tuliyajua yote. Mkaguzi alikuwa mtu wa mbali, hajui hata neno moja la Kihangaza. Akauliza la sita.

"Kwa nini Mzee Sefu alilia?"

Tukaingiza vichwa kitabuni. Neno "alilia" lilikuwepo, ila baada yake palikuwa na nukta. Nikanyoosha mkono, maana nilikuwa monita.

"Haijaandikwa, mkaguzi."

Mwalimu akafumba macho.

Nyuma kabisa akasimama Domitila, jirani yetu. Huyu alikuwa mteja wa kibao, kile kipande cha mbao chenye kamba alichovishwa shingoni yeyote aliyesema kilugha shuleni. Akasema kwa Kihangaza, taratibu, kwamba mzee wa watu amekalia vitenge vya bibi harusi, na bibi harusi huko aliko anatazama njia.

"Amesema nini?" mkaguzi akauliza.

Mwalimu akajipangusa jasho. "Monita, mwambie mgeni kwa Kiswahili."

Nikasimama wima. "Mzee Sefu alilia kwa sababu zawadi ilibaki ndani ya sanduku, na binti yake alikuwa anamsubiri."

"Safi," mkaguzi akasema. "Huyu ameelewa."

Akanipa penseli nyekundu yenye kifutio kichwani. Domitila akapewa kibao mpaka Ijumaa.

Ili nitende haki kwa kila upande, niseme kwamba sikumdanganya mkaguzi. Sikusema maneno yale ni yangu. Pia sikusema si yangu. Njiani nilifikiria kuikata penseli katikati kwa wembe, lakini nusu moja ingekuwa na kifutio na nyingine isingekuwa nacho. Nikaona hiyo ni dhuluma. Basi kwa kukwepa dhuluma nikabaki nayo yote. Nilipomwonyesha baba, alisema, "Penseli haipalilii. Shika jembe." Nikaiweka, na sikuwahi kuichonga.

Mwaka jana, baada ya sala ya jumuiya, nilimfuata Domitila nyumbani kwake. Siku hizi ni Mama Deo, mwenye wajukuu. Ile penseli nilikuwa nimeifunga kwenye gazeti.

"Mama Deo, nimekuletea kitu chako cha Darasa la Tatu."

Akafungua, akacheka mpaka akaketi. "Sasa Baba Neema, niandike nini nayo? Wajukuu zangu wenyewe wanaandika kwa kidole."

"Unamkumbuka Mzee Sefu?"

"Wa sanduku? Nilimhurumia, siku ile sikula."

"Ulijuaje, na sisi wenye kitabu hatukujua?"

"Ninyi mlikuwa mnasoma. Mimi kitabu hakikunifikia, nikawa nasikiliza." Akaichomeka penseli kwenye kitambaa cha kichwani. "Usijitese, ulinitafsiri vizuri. Ila kile kibao kilikuwa kizito."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kidogo, sijui kama nilistahili.

Watoto wa sasa wana viatu, wana sakafu ya saruji, na kitabu hawakigombanii sana. Masikini, hata kusoma kichwa chini hawajui. Juzi kitinda mimba wangu, Neema wa Darasa la Tano, alikuwa na kazi ya nyumbani: kwa nini bibi alicheka? Akalipiga swali picha kwa simu ya mama yake. Simu ikatoa sentensi kamili. Akanakili kuanzia herufi kubwa mpaka nukta. Nikakohoa, nikaanza hotuba yangu ya enzi zetu.

"Na wewe, unafikiri alicheka kwa nini?"

"Si nimeshajibu, baba."

"Imejibu simu."

"Lakini ndiyo sahihi."

Enzi zetu hatukuwa na simu. Tulikuwa na Domitila.

Nikamwambia azime hiyo simu, anipe kitabu, akae mikono mitupu nimsomee mwenyewe. Akakaa. Kisha akaniuliza kama hiyo nayo inasahihishwa.