Mtama na Kunde za Ng'ombe

Mwaka ule tulipanda mtama na kunde pamoja, mle mle tulimozoea kupanda muhogo wetu wa kula. Bwana shamba alimwambia mume wangu kwamba vikikatwa vibichi na kufukiwa shimoni, vitakuwa malisho ya kiangazi. Na kiangazi cha kwetu Kiuyu hakimwonei mnyama huruma.

Ng'ombe tulikuwa naye mmoja. Nilimhitaji kuliko nilivyomhitaji mume wangu, nasema kweli. Maziwa yangu yalikatika mwanangu hata hajaanza kutambaa, na ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yakimlea.

Vuli ilipokwisha tukavuna, tukakatakata, tukashindilia shimoni kwa miguu, tukafunika majani ya mgomba na udongo juu. Bwana shamba akasisitiza lisifunuliwe mpaka malisho ya nje yaishe, hewa isiingie.

Lakini mume wangu alikuwa fundi wa kuvumbika ndizi shimoni ziive, na ndizi zilizovumbikwa hutazamwa. Unafunua, unabonyeza, unanusa, unafukia tena. Kila akirudi kondeni hupitia pale shimoni, akachimbua ukingo na kutia mkono.

"Bwana, si umeambwa uliwache?" nilimwuliza.

"Mke wangu, mashimo mie n'nayajua. Kitu kisotazamwa huoza."

Ningembishia nini? Ndizi zake nilikuwa nikizila tangu nimeolewa, na haikuwahi kuoza hata chane.

Nyasi zilipokauka tukalifungua. Majani yalikuwa meusi, yameota ukungu, na harufu yake ilinichefua. Tukachagua yaliyokuwa na nafuu, na ng'ombe kwa njaa yake akayala yote. Baada ya siku chache tumbo likamvimba, akalala, asiinuke tena. Mume wangu akamuwahi kwa kisu kabla hajawa mzoga.

Nyama tuligawa. Majirani walisema Mungu atatupa mwengine. Walikusudia wema, lakini nililichukia neno lile, na hata leo silipendi. Hatukupata mwengine.

Jioni ile nilimchemshia mwanangu uji mwepesi. Akaonja, akautema, akageuza uso mlangoni, nilikozoea kuingilia na kibuyu cha maziwa. Nilikuwa nimekaa mbele yake, karibu kabisa, na yeye akaendelea kuutazama mlango akiningoja niingie.