Mlango wa Kipanya cha Baba

Niliondoka Tabora kwa sababu ya mlango wa gari. Mama alinipigia simu akasema hatakwenda Ugalla kwenye misa ya kumkumbuka baba, kwa kuwa mlango wa kipanya, kibasi cha abiria alichotuachia marehemu, ulifunguka wenyewe kwenye kona, na yeye ndiye aliyekaa ubavuni. "Nipande tena nikafie njiani?" Mama akikataa amekataa. Lakini nilimjua: kuikosa misa ile kungemuuma maisha yake yote.

Mpanda nilifika mchana, nikaenda moja kwa moja nyumbani, Majengo. Kipanya kilikuwa uani, kimejaa vumbi jekundu, na ndani mlikuwa na harufu ileile ya asali na tumbaku. Nilikaa kidogo kwenye kiti cha dereva. Nilimkumbuka baba.

Kabla jua halijazama nilishika spana. Magari ndiyo kazi yangu, na aliyenifundisha ni yeye. Nilipaka grisi kwenye kitasa, nikafunga taratibu, kisha nikatazama alama iliyobaki kwenye chuma kinachokipokea pale nguzoni. Kitasa kilikuwa kinagonga chini; mlango ulikuwa umelala. Nikainua kwanza kigurudumu cha chini, kile ambacho mlango huteleza nacho, ndipo nikalegeza bolti za kile chuma, nikakisogeza kidogo, nikakaza. Niliposukuma kwa kidole, mlango ulikwenda ukajifunga.

"Kumbe kazi ndogo hivi," nilimwambia mama. "Baba alishindwa nini miaka yote ile?"

Mama akacheka. "Nani kakwambia alishindwa? Mlango ule ulikuwa mpaka uubebe ndio ufunge, na kuubeba alijua yeye tu, huyu dereva tuliyemweka baada yake hajui. Basi kila kituo mzee anashuka kufunga. Akishuka anasalimia watu. Nyie mlidhani hautengenezi kwa ubahili."

Asubuhi tulianza safari, mimi nikiendesha. Tulipita misitu yenye mizinga mitini, na kila penye shimo mama alikitupia jicho kitasa. Mbele kidogo akasinzia. Ugalla aliwahi misa, akaimba kuliko wote.

Wakati wa kurudi tulipakia akina mama wa pale kanisani. Wa mwisho kupanda alikuwa na ndoo ya asali. Akaketi, akaiweka ndoo mapajani, akatulia. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Vuta tu mama, mlango umeshapona," nilisema.

"Sisi tumezoea kufungiwa," akajibu. "Mlango wa mzee hatuugusi."

Mama alinitazama kwenye kioo. Nikazima gari, nikazunguka hadi mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristu," nikawaambia.

"Milele, amina," wakaitikia wote, na mmoja akaniuliza habari za Tabora, mwingine habari za watoto.

Ndipo nilipoelewa kwa nini baba alichelewa kurudi kila siku na abiria hawakumlalamikia. Tulifika Mpanda giza limeshaingia, maana kila kituo nilishuka.