Mwaka wa Kunyanyua Ng'ombe

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo nikiikumbuka naishiwa utani, na wewe unanijua, utani kwangu ni kama pumzi.

Mvua ilikuwa imegoma mwaka wa pili. Huku kwetu upande wa Bahi, ng'ombe akikosa majani anakonda mpaka akilala usiku, asubuhi hawezi kusimama. Jua likimkuta chini, basi tena. Kwa hiyo kila alfajiri wanaume tulipita nyumba kwa nyumba tukinyanyua ng'ombe wa watu, wengine begani, mmoja kwenye pembe, mmoja mkiani. Mkiani palikuwa pangu. Ni mahali pa mtu asiye na cheo, na ng'ombe anayeharisha hana adabu, lakini nilikuwa nachekesha watu, siku inakwenda.

Ng'ombe wangu walikufa mmoja mmoja. Mke wangu akamchukua mtoto, akarudi kwao Chamwino. Simlaumu, hata mimi ningeweza ningejikimbia. Akabaki ng'ombe mmoja, mweusi mwenye paji jeupe. Nikajiambia huyu akipona, mke atarudi, tutaanza upya. Tulimnyanyua siku nyingi. Siku ya mwisho akasimama vizuri, akatutazama, akaanguka palepale. Kwisha.

Kesho yake sikutoka. Nililala nimegeukia ukuta, nikasema na mimi nisinyanyuliwe.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Babu Ndahani, mzee jirani, miguu yake myembamba kama fito.

"Unaumwa?"

"Sina ng'ombe tena, babu. Nendeni tu."

"Nimekuuliza ng'ombe? Wa Mama Yohana kaanguka, na mkiani hakuna mtu."

"Tafuteni mwingine. Mimi nimekwisha."

"Umekwisha, na mdomo huo unaongea na nani? Amka, mjinga wewe! Yule mama mjane. Nikamwambie nini, kwamba una huzuni?"

Nikatoka kwa hasira, wala si kwa busara. Tukamnyanyua ng'ombe wa mjane, tukamshikilia mpaka miguu ikaacha kutetemeka. Mama Yohana alikuja na maji kidogo kwenye kibuyu, maji ambayo angekunywa mwenyewe, akaninawisha mikono. Hapo nikalia, mwanangu. Mbele za watu, kinyesi mpaka kwenye viwiko.

Usifikiri ng'ombe yule alipona. Wiki haikuisha, akafa. Nikamuuliza babu, "Sasa tulikuwa tunafanya nini?"

Akageuka kushika njia ya kwake. "Sijui, mjukuu wangu. Kesho uwahi."

Wahenga wanasema baada ya dhiki faraja. Hawakusema baada ya muda gani. Mke wangu hakurudi, na yule mtoto wetu alikua akimwita mwanaume mwingine baba. Watu husema shida ina maana yake. Mimi shule niliiachia darasa la tano, labda maana hiyo inafundishwa la sita. Sijaiona, nimezeeka nikiitafuta. Nilichopata ni kidogo: nikisikia nyumba fulani wamepatwa, kitanda kinanichoma. Sina cha kuwaambia, lakini nakwenda, nakaa nao. Zamani niliitwa kwenye pombe nichekeshe watu. Siku hizi naitwa na kwenye misiba. Kama huko ndiko kukua, basi nimekua, na kuliuma.

Kwa hiyo likikufika, mwanangu, usikubali mtu akuharakishe useme ni heri. Si heri. Lia. Maana yake kama ipo itakukuta njiani, na isipokukuta, utaishi bila hiyo kama mimi. Ila mtu akigonga, fungua, hata kama amekuja na matusi. Na siku unapojiona huna kitu kabisa, ujue mikono bado unayo, na kuna mtu jirani yako yuko chini tangu usiku.

Mungu akunyeshee mvua kwa wakati wake. Na akikunyima mvua, asikunyime jirani mkorofi wa kukutoa kitandani.