Redio Iliyomeza Mkia wa Neno

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Fundi Mwakio, mtu wa Taita aliyekuwa akisimamia chumba cha redio cha Garissa, alinionyesha meza, betri za gari zilizopangwa sakafuni, na sanduku la chuma zito kama kondoo aliyechinjwa. "Dahabo, fagia popote," akasema, "lakini ukigusa waya huu, utakayefagiwa ni wewe." Sikugusa.

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazi hii sasa, maana naona mnachagua mitambo kwa kuangalia picha yake. Shule sikusoma. Herufi nilifundishwa na Fundi huyo huyo, nyuma ya daftari la ujumbe.

Kipaza sauti nilikipata kwa sababu ya Kisomali. Chifu alileta habari ya visima, Fundi hakuelewa hata neno moja, nami nikamtafsiria ufagio ukiwa mkononi. Baadaye wakagundua kwamba sauti nyembamba ya mwanamke hupenya kelele za hewani kuliko ya mwanamume. Nikakalishwa kwenye kiti. Wazee wa mjini walimwuliza baba yangu, "Binti yako anaongea na nani humo ndani, majini?" Baba akawajibu, "Anaongea na Wajir. Afadhali majini."

Kazi yetu tuliiita simu ya upepo. Kila kituo kilizungumza na mwenzake moja kwa moja, Garissa na Bura, Garissa na Wajir, Wajir na Mandera, bila waya wowote njiani. Mashine zilikuwa kuukuu, za wakati wa wakoloni. Ndani zilikuwa na taa za vioo ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo zikubali kusema. Kulikuwa pia na kristali, kijiwe kidogo kinachoshika masafa yasiteleze. Vumbi likiingia, au betri ikichoka, sauti ilianza kukatika mwishoni mwa maneno. Ukimaliza kusema unasema "ova," unaachia kitufe, unamwomba Mungu mwenzako awe amesikia.

Huo ulikuwa wakati wa shifta, vita vya waasi na serikali huku kwetu. Nani alikuwa na haki, wengine wameandika. Mimi niliona barabara zimewekwa vizuizi, na hakuna lori lililopita kizuizi bila neno kutoka Garissa. Neno lilipitia kwetu.

Siku moja watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye kizuizi cha Bura wakingoja kuletwa hospitali. Miongoni mwao alikuwa Sahara, mjamzito aliyeanza kutoka damu. Ruhusa ikatolewa. Nikabonyeza kitufe nikasema waziwazi, kama nilivyodhani: "Wafuke, kumi na mmoja. Ova."

Upande wa pili alikuwa Kyalo, kijana mtulivu wa Kikamba. Redio ikameza mkia wa neno. Kyalo akapata "wafu," kisha "kumi na mmoja." Akaandika hivyo hivyo.

Siku iliyotangulia lori jingine la abiria lilikuwa limeondoka Bura kuja Garissa. Kwa hiyo watu wakajua, au wakadhani wamejua, ni wafu gani. Matanga yakaanza. Watu wakasomewa Kurani nao wako sokoni Garissa wanakunywa chai. Wale kumi na mmoja wa kizuizini hakuna aliyewakumbuka kwa siku mbili. Sahara alifika hospitali akiwa hai. Mtoto hakufika.

Bwana Afisa wa Mawasiliano akaja kutoka Nairobi na mambo mawili: kumwadhibu mwenye kosa, na kuchagua redio mpya. Alikuwa mtu wa haki, lakini wa haraka. Alifungua daftari la Bura, lililoletwa kwetu na lori asubuhi hiyo, akasoma, akalifunga.

"Huyu Kyalo alikuwa amelewa au amelala. Nitamfukuza."

Kyalo hakunywa. Alikuwa na mama na wadogo zake waliokula kwa mkono wake. Nami nilikuwa nimeshaelewa kilichotokea, tangu niliposoma daftari lile kwa kidole, herufi moja moja. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Nilijiambia hivyo asubuhi nzima, na nilikuwa naipenda kazi ile.

"Bwana Afisa," nikasema, "aliyesema ni mimi."

"Ulisema nini?"

"Wafuke."

"Sema tena."

"Wafuke. Wafuke kizuizi."

Fundi Mwakio akaangalia viatu vyake. Bwana Afisa akaja karibu, akauma mdomo wa chini. "Wa-vvvu-ke. Fanya hivi."

"Bwana, mdomo huu umezaliwa hapa. Kisomali hakina sauti hiyo, tunaijifunza ukubwani. Unaweza kunifukuza. Lakini machifu wana mdomo huu, askari wa hapa wana mdomo huu, na wagonjwa pia. Utafukuza mkoa mzima?"

Akakaa. Fundi akaongeza polepole, "Na mashine nayo ilimeza nusu, bwana. Kosa hili lina mama na baba."

Kyalo hakufukuzwa. Mimi nilikatazwa kipaza sauti kwa mwezi mmoja, na nilistahili. Lakini kabla ya kunirudisha kwenye ufagio, Bwana Afisa akauliza redio mpya alizoleta zipimwe vipi.

Zilikuwa tatu, kila moja na pacha wake aliyepelekwa Bura pamoja na Fundi. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, inang'aa, vitufe vingi kama shanga za bibi harusi. Ya pili nyepesi, mtu anaibeba kwapani. Ya tatu ina sura mbaya, imefungwa turubai. Bwana Afisa alizipima asubuhi kwenye ubaridi, betri zimejaa, akihesabu moja hadi kumi kwa sauti yake ya shule. Zote zikafaulu. Akataka ile inayong'aa.

"Ngoja adhuhuri," nikasema. "Weka betri iliyochoka. Halafu asiseme aliyesoma."

"Dahabo, hii ni redio, si ngamia wa kukaguliwa meno."

"Ngamia akilala njiani nakufa mimi peke yangu, bwana."

Akacheka, akangoja. Jua liliposimama kichwani nilisoma maneno niliyochagua mwenyewe, yale yanayotusumbua: wapite, wavuke, vidonda, pampu, mvua. Kyalo aliandika kule Bura alichosikia, na karatasi zikaja na lori. Ya kijivu ilianza kupiga mluzi kwa joto, Kyalo akaandika "inaimba" mara tatu. Ya pili ilimeza mikia, kama kuukuu yetu. Ya turubai ilinitoa sauti ya mtu mwenye mafua, lakini kila neno lilifika na miguu yake yote. Alikuwa ameandika "wafuke," na pembeni: "yaani wavuke, nimeelewa." Tena fyuzi yake ilikuwa ile ile ya lori, unaipata kwa dereva yeyote.

Tukachukua ya turubai. Na neno "wavuke" tukaliondoa kazini. Tukasema "ruhusa," neno ambalo mdomo wowote unaliweza.

Kwa Sahara nilikwenda na eddo yangu, dada wa baba, nikamwambia kwamba neno lilikuwa langu. Hakuniambia amenisamehe. Alinisogezea mkeka.

Baadaye nilihamishiwa Wajir, kisha Mandera, kisha nikarudi. Mabosi walinipita wengi, wengine wapole, wengine wa makelele. Wiki ya kustaafu kwangu mitambo mipya ililetwa tena, na mafundi wawili wenye mashati safi wakawa wanahesabu humo moja, mbili, tatu, wakipongezana. Nilitoka nje nikamshika mkono mwanamke anayeuza maziwa ya ngamia getini, nikamleta ndani.

"Mama huyu atasema nini?" wakauliza.

"Atakachotaka."

Akakitazama kipaza sauti kwa dharau. "Kuna mtu humu?"

"Yuko Mandera."

Akainama. "Wewe wa Mandera! Mfua imenyesha?"

Mafundi wakatazamana. Kelele ikapita, ikatulia.

"Bado, mama," Mandera ikajibu. "Mvua bado. Na huko kwenu?"

Nikaomba kalamu, nikatia sahihi ya kuipokea mitambo.